Mguu umeacha kuuma, sasa naendelea na fizio ama niache?

Swali limetoka kwa mwalimu wa primari upande wa Khayega, Kakamega, nimelifupisha kidogo: "Daktari habari. Niko na miaka 43, nafundisha, na nyumbani niko na ng'ombe wawili na shamba. Mwezi wa tano tukipalilia nilishikwa na kiuno, maumivu yakashuka tako la kushoto mpaka kisigino, sikai silali. Nikaambiwa ni siatika. Nimeenda fizio wiki saba na saa hii mguu hauumi kabisa, ni kidole kile kidogo cha mguu tu bado kina ganzi. Sasa wananiambia nirudi mara sita zaidi. Mzee wangu anasema nimeshapona, hio ni pesa ya bure, na mahindi iko karibu kuvunwa. Niendelee ama niache?"

Mwalimu, salama, na pole sana kwa hizo wiki, najua usiku wa siatika, yaani maumivu ya ile neva kubwa inayoshuka kutoka kiuno mpaka mguuni, ulivyo mrefu, mtu anageuka kila upande na hakuna upande unamkubali. Nimefurahi umefika hapo. Jibu langu ni hili, mazoezi usiache, hata wiki moja usiache, lakini safari za kliniki zinaweza kupunguzwa na kutawanywa, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo wewe na mzee mmeyaweka kwa kapu moja. Mzee ana haki kuuliza kuhusu pesa. Ila akisema umepona, hapo anaangalia maumivu peke yake, na maumivu huwa ya kwanza kuondoka.

Kabla hujasoma mbali, fanya hivi. Toa viatu, simama karibu na ukuta, weka vidole viwili tu kwa ukuta usije ukaanguka. Simama na mguu wa kulia peke yake, goti limenyooka, inua kisigino mpaka juu kabisa ukisimamia vidole, shuka pole pole, rudia, hesabu unafika ngapi kabla mguu uchoke ama uanze kukunja goti kujisaidia. Andika hio namba. Sasa mguu wa kushoto, ule uliokuwa unauma. Mimi nimefanyia watu kipimo hiki miaka mingi hapa Kisumu, na mtu aliyekuwa na maumivu ya kufika kisigino na ganzi ya kidole kidogo, mara nyingi unapata kulia anafika 20 na kushoto 9 hivi kisigino kinaanza kupanda nusu nusu, na yeye mwenyewe hakuwa anajua, juu kutembea kwa barabara tambarare hakuulizi nguvu ya mguu mmoja namna hio. Namba zenyewe si kitu, kila mtu na zake, kile nataka ni tofauti kati ya miguu miwili. Ukipata zimelingana vizuri, hongera, hio ni habari njema kweli. Ukipata kushoto ni nusu ya kulia, basi umejibu swali lako kabla mimi sijalijibu, huo mguu haujapona, umenyamaza tu.

Sababu yake ni hii. Neva ya siatiki ndio nene kuliko zote mwilini, karibu unene wa kidole gumba, na inaundwa na mizizi kadhaa inayotoka pale chini ya mgongo, mizizi miwili ya mwisho ya kiuno na mitatu ya kwanza ya mfupa ule wa nyonga kwa nyuma. Ule mzizi ambao ukibanwa unapeleka ganzi kidole kidogo na ukingo wa nje wa unyayo, ndio huo huo unaendesha shavu la mguu, ile misuli inakuinua ukisimama kwa vidole. Kwa hivyo ganzi na udhaifu ni ndugu, wanatoka nyumba moja, ila ganzi unaisikia na udhaifu husikii mpaka upimwe. Wale ambao ganzi yao iko juu ya unyayo na kidole gumba, hao mzizi ni ule wa juu yake, wapime kwa kutembea na visigino peke yake vidole vikiwa hewani, na kuinua kidole gumba mtu akikisukuma chini.

Hio ganzi usiiogope sana. Huwa inabaki nyuma, wiki au miezi baada ya maumivu kuisha, juu uzi wa neva ukiharibika unakua upya pole pole sana, kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiuno mpaka kidole chako cha mwisho ni safari ndefu. Bora isipanuke, na mguu usipungue nguvu.

Sasa diski. Hio ni ile mito iko kati ya mifupa ya uti wa mgongo, ndani ina kitu laini, nje ina ukuta wa nyuzi tabaka kwa tabaka. Ukuta ukipasuka kile cha ndani kinasukuma nje na kukalia mzizi wa neva, na si kubana tu, kinaleta pia uvimbe mkali wa kikemikali, ndio sababu inachoma kama moto. Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba mwili unakuja kukila hicho kilichotoka, kinga ya mwili inakishambulia kama kitu kigeni na kwa miezi kadhaa kinanywea, na mara nyingi vile vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndio vinanywea vizuri zaidi. Ndio maana watu wengi wanapata nafuu kati ya wiki 6 na 12 bila kisu. Uvimbe ukishuka maumivu yanashuka, hapo ndipo wewe uko. Lakini ule ukuta wa diski una damu kidogo sana, unapona pole pole kuliko ngozi, kuliko misuli, kuliko hata mfupa. Umewahi kukandika nyumba ya udongo, ama umeona mama akikandika? Siku ya tatu ukigusa kwa kiganja umekauka. Ukiegemea, unaacha umbo la mgongo wako kwa ukuta. Wiki ya saba ya siatika ni hio siku ya tatu.

Alafu kuna misuli. Nikiri kitu hapa. Miaka yangu ya kwanza kazini, mgonjwa akiniambia maumivu ni sifuri nilikuwa nafunga faili, namshika mkono, namwambia enda salama, na nilijiona nimefanya kazi nzuri. Baadae nikaanza kuwaona wakirudi, msimu kwa msimu, huyu alirudi wakati wa kupanda, yule alirudi baada ya kuhama nyumba, mzee mmoja wa kupakia miwa kwa trela alirudi mara tatu kwa miaka miwili na mara ya tatu mguu ulikuwa unaburuta kidole. Uso wake ule wa mara ya tatu mimi sijausahau. Nilikuwa nimemtibu maumivu vizuri kila mara, na kila mara nikamrudisha kwa magunia na mgongo ule ule dhaifu. Hilo lilikuwa kosa langu, si lake.

Wataalamu wa Australia walikuwa wameshaliona hilo. Mwaka 1996 walionyesha kwamba kuna misuli midogo kando kando ya pingili za mgongo inasinyaa upande ule uliouma, na maumivu yakiisha misuli hio hairudi yenyewe, mtu anaendelea na maisha yake ikiwa bado imelala. Wakafuatilia watu 39, kundi moja likafanya mazoezi ya kuiamsha na lingine halikufanya, na matokeo ya mwaka 2001 yakaonyesha kwa mwaka mmoja asilimia 84 ya wale hawakufanya walikuwa wameumwa tena, na wale waliofanya ni asilimia 30. Watu 39 ni wachache, na walikuwa na maumivu ya mgongo wa kawaida si siatika, kwa hivyo sikuletei kama ahadi. Lakini mimi nikiweka hio kando na wale wagonjwa wangu waliorudi, naona kitu kile kile.

Na kuhusu zile mara sita zilizokushtua. Mwaka 2024 kulitoka utafiti mwingine Australia, watu 701 ambao mgongo ulikuwa umetoka kupona karibuni, nusu wakapewa mpango wa kutembea kwa miguu unaoongezwa pole pole mpaka dakika 30 mara tano kwa wiki, wakiongozwa na mtu wa fizio mara sita. Lakini hizo mara sita zilitawanywa kwa miezi 6! Wale wa kutembea, nusu yao walifika siku 208 kabla mgongo kuuma tena, wale wengine siku 112. Ni kutembea tu, kitu ambacho Khayega hakiuzwi. Pia hao walikuwa wa mgongo wa kawaida, lakini kwa siatika iliyotulia, ganzi haipanuki na nguvu haipungui, mimi naongoza hivyo hivyo na sijajuta.

Kwa hivyo rudi kwa fizio wako, ongea naye vizuri bila vita, mwambie, nataka kuendelea lakini nauli na kazi vinanibana, tunaweza kuweka hizo mara sita zikae miezi minne au mitano, na kila nikija unipime nguvu na uniongezee mzigo? Mtu anayejua kazi atakubali na atafurahi umeuliza. Akisisitiza uje kila wiki, muulize atakuwa anakufanyia nini. Kama jibu ni kukuwekea joto, mashine ya umeme na kukukanda, basi kwa hali yako ya sasa hio si ya kukutoa Khayega, hayo yalikuwa ya wakati wa maumivu. Saa hii unahitaji mtu wa kukupima, kukusahihisha na kukuongeza. Na ukitaka kujua kama mtu ana leseni, Baraza la Fiziotherapia la Kenya liko kisheria tangu sheria ya mwaka 2014, muulize leseni yake, si matusi kuuliza.

Sasa kazi yenyewe. Sitakupa orodha ndefu juu najua vile inaenda, karatasi ya picha kumi na mbili inabandikwa nyuma ya mlango na inakaa hapo mpaka Krismasi. Nataka vitu vichache, na nataka viwe vinapanda.

Ya kwanza ni kile kisigino ulichopima. Kila jioni ukisubiri ugali iive, shika ukuta, mguu wa kushoto seti tatu, acha kila seti ukiona umebakisha mara mbili au tatu hivi kabla uchoke kabisa. Kulia fanya seti moja tu. Kila Jumapili pima upya na uandike.

Ya pili, kwa mkeka, lala chali umekunja magoti, inua kiuno juu, kaa hapo sekunde tano, shuka, mara kumi. Ikikuwa rahisi, fanya na mguu mmoja. Alafu piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila tumbo kushuka wala kiuno kuyumba, sekunde nane hivi, badilisha. Ukiwekewa kikombe cha chai kwa mgongo kisimwagike, ndio unafanya sawa. Hii ya mwisho na ile ya kulala kwa upande ukijiinua na kiwiko zimesambazwa sana na Stuart McGill, mtaalamu wa mgongo wa Canada, juu zinafanyisha mgongo kazi bila kuukunja.

Ya tatu ni ya neva yenyewe. Kaa kwa kiti, nyoosha goti la kushoto ukiangalia juu kwa dari, likunje ukiangalia kifua chako, mara kumi bila kushikilia. Neva inatakiwa iteleze ndani ya nyama kama kamba ndani ya mpira wa maji, ikikaa miezi haijateleza inakuwa na wivu, ukivuta kidogo inalalamika. Lakini usiivute kwa nguvu, wengi wanaharibu hapa wanafikiri ni misuli imekaza wanaivuta mpaka machozi na kesho mguu unawaka.

Na ya nne ndio kubwa, na ndio ile watu wanaachia njiani. Mtungi. Mwalimu, wewe maisha yako yana mzigo, maji, maziwa, nyasi ya ng'ombe, gunia. Mgongo ambao umefanyiwa mazoezi ya mkeka peke yake hauko tayari kwa gunia, sawa na mtoto umefundisha kujumlisha alafu umpe mtihani wa kugawanya. Na mtungi ni kifaa kizuri kuliko vingi nilivyo navyo hapa kwa chumba changu, juu lita moja ya maji ni kilo moja, unajua kabisa unainua nini. Anza na mtungi wa lita 5. Simama nao katikati ya miguu, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango nayo, magoti yakunjike kidogo, mgongo ubaki umenyooka, shika, simama kwa nguvu ya makalio. Mara nane, pumzika, mara nane, pumzika, mara nane, siku tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Wiki mbili ukienda bila shida ongeza, weka lita 8 kwa mtungi wa 10, alafu 10, alafu 14 kwa mtungi wa 20, mpaka ujae. Pia beba mitungi miwili, mmoja kila mkono, tembea nayo uwanja mzima na kurudi. Kutoka lita 5 mpaka 20 inafaa ichukue kama miezi mitatu, na usikimbie, misuli inaweza kujengeka kwa wiki 8 mpaka 12 lakini ule ukuta wa diski uko nyuma yake.

Utajuaje umezidisha? Hapa nina sheria mbili tu. Maumivu kidogo kwa kiuno wakati wa zoezi, ya 2 au 3 kwa 10, na kesho asubuhi yameisha, hayo yaruhusu. Yakibaki mpaka kesho, rudi hatua moja, usiache, rudi tu hatua moja. Ya pili ni mwelekeo. Maumivu yakitoka kwa mguu yakipanda kwenda tako na kiuno, hata kama kiuno kinauma zaidi, ni dalili nzuri. Yakishuka, kutoka kiuno kuja paja, kuja shavu la mguu, acha hicho unachofanya. Hii iligunduliwa karibu kwa bahati mwaka 1956 kule New Zealand na mtu wa fizio aliyeitwa Robin McKenzie, mgonjwa wake alilala kifudifudi kwa kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na alipoangaliwa baadae mguu ulikuwa umeacha kuuma. Tangu hapo tunauliza, yanapanda ama yanashuka.

Sasa nakuja kwa mambo ya nyumbani, na hapa nitakaa kidogo juu ndipo watu wa huku kwetu wanaumia.

Najua unaamka saa kumi na moja, unakama, alafu kama ni msimu unaingia shambani kabla jua halijatoka, ushike darasa. Diski usiku inakunywa maji, asubuhi imejaa na imekaza, na ukiinama sana ile saa ya kwanza unaisukuma vibaya kuliko ukiinama saa nne. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulifanya watu wajizuie tu kuinama saa za mapema asubuhi na maumivu yao ya mgongo yakapungua. Kwa hivyo panga upya, tembea kwanza, washa moto, peleka maji, amsha watoto, fanya zile kazi za kusimama, ndio ukame. Kukama tafuta kistuli cha urefu wa goti, si kile kifupi cha kuchuchumaa, na sogea karibu na ng'ombe mpaka kichwa chako kiguse ubavu wake. Jembe liwekewe mpini mrefu, mipini mingi tunayouziwa sokoni imekatiwa mtu mfupi kuliko wewe. Na kila mistari miwili simama, weka mikono kwa kiuno, jinyooshe nyuma mara tano.

Mavuno sasa. Kuvunja mahindi ukiwa umesimama, hio enda. Kubeba gunia la kilo 90, hapana, mwaka huu hapana kabisa, hata la nusu waachie vijana. Lakini kitu kinanitia wasiwasi zaidi ya gunia ni kupukuchua. Mama zetu wanakaa chini kwa gunia, miguu imenyooshwa mbele, mgongo umekunjwa, kichwa kimeinama, masaa matatu wanapukuchua mahindi ama wanachagua maharagwe wakipiga stori. Mwalimu, hicho kikao ndicho sisi tunatumia kwa kliniki kuichokoza neva makusudi tujue kama imebanwa! Tunamkalisha mgonjwa, tunamkunja mgongo, tunamnyoosha goti, tunamwinamisha kichwa, kwa sekunde chache tu, na akiruka tunajua. Sasa wewe unakaa hivyo mchana kutwa. Kaa kwa kiti, mahindi yawe kwa meza ama kwa beseni juu ya kiti kingine, magoti yakunjwe, na stori ziendelee.

Maji, mitungi miwili ya lita 10 mikononi ni salama kwako kuliko mmoja wa 20 kichwani, si kwa sababu ya kichwa, ni ile dakika ya kuutoa chini ukijipinda mpaka juu. Wilbaro ikiwepo itumie, usione haya. Shuleni usisahihishe vitabu umekaa saa nzima, baada ya dakika 30 simama, sahihisha vingine ukiwa umesimama kwa dirisha.

Ukiamka siku moja mguu umeanza tena kidogo, usikimbilie kusema mazoezi yameniharibu, na usirudi kitandani. Siatika inapanda na kushuka ikipona. Punguza mzigo nusu, endelea kutembea, siku nne tano kwa kawaida inatulia. Ila nakuomba usiende kemisti kudungwa sindano ya maumivu ndio uweze kumaliza shamba. Dawa hizo zikichukuliwa ovyo zinaumiza tumbo na figo, na zaidi ya hapo zinakunyima ile sauti ya kukwambia umezidisha. Kama uliandikiwa dawa za neva kama gabapentini ama pregabalini na bado unameza, usikate ghafla, aliyekuandikia akupunguzie taratibu.

Kuna mambo ambayo si ya kungoja miadi wala ya kuniuliza mimi. Ukiona mkojo unakataa kutoka ama unatoka bila kujua, choo vilevile, ama ganzi imeingia sehemu za siri na pale unakalia baiskeli, ama miguu yote miwili inalegea, hio ni hospitali siku hio hio, hata kama ni saa nane usiku, hata kama ni kukodi gari, nenda hospitali kubwa ya rufaa, kwako Kakamega, na wakikuhamisha kubali. Neva za pale zikibanwa siku kadhaa zinaweza zisirudi. Na unyayo ukianza kuburuta kila wiki zaidi, ama ile hesabu ya kisigino inashuka badala ya kupanda, usingoje miezi, rudi wiki hio. Pia mgongo unaouma usiku hata umelala, pamoja na homa, kutoa jasho usiku ama kukonda, sisi huku lazima tufikirie TB ya mgongo, na mtu akiwa amewahi kuugua saratani tunaangalia haraka. Sikutishi, kwa vile umeandika sioni hata moja.

Kwa mzee, ushauri wangu ni usibishane naye. Mwite aone. Simama kwa ukuta mbele yake, fanya visigino vya kulia ahesabu yeye, alafu vya kushoto ahesabu yeye. Wanaume wengi nimewaona hapa kwa chumba wakiingia na uso wa nani atalipa hii, na wakiona mguu wa mama unatetemeka kwa ya saba, wanaanza wao kuuliza mtungi wa lita 5 tutatoa wapi.

Zile namba mbili ziandike leo na tarehe, nyuma ya kile kitabu chako cha kuandalia masomo, na siku ya miadi uende nacho. Fizio wako aone Jumapili kwa Jumapili, kushoto ikifika karibu na kulia na mtungi wa lita 20 unauinua mara nane bila mguu kusema kitu, hapo ndipo mtaongea habari ya kufunga faili. Kwa hesabu yangu hio ni kama mwezi wa kumi, kumi na moja hivi. Msimu wa pili hapo utakuwa umepandwa na wengine, lakini wa mwezi wa tatu utashika jembe mwenyewe, na kutembea usiache hata wakati huo, na mtungi mara mbili kwa wiki.